Vitenga-Masafa vya Redio za Magari: Kazi Yake, na Suala la Kutenda na Kutendwa

Fundi wa redio za magari na mwalimu wa sarufi hawakutani mara nyingi, lakini wapo mahali pamoja wanapotumia jozi moja ya maneno bila ya kujuana. Jozi hiyo asili yake ni Kilatini: agere, yaani kutenda, na pati, yaani kustahimili au kuteswa. Wanasarufi wa Ulaya waliichukua kutaja kauli mbili za kitenzi, na wanafunzi wa Kiswahili wakafundishwa kuziita kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa. Wahandisi wa umeme nao wakaichukua kutaja aina mbili za vyombo, na miongoni mwa vyombo hivyo kimo kile ambacho mafundi wa Afrika ya Mashariki hukiita krosova. Basi mtu anayetafsiri karatasi ya maelezo inayofungwa pamoja na spika za gari, ikiwa silaha yake ni kamusi peke yake, ataandika "krosova ya kutenda" na "krosova ya kutendwa", na msomaji wake, ambaye labda ana fedha mkononi na ataka kujua anunue ipi, hataambulia chochote.

Makala haya yanakieleza kwanza chombo chenyewe, kwa kuwa istilahi haiwezi kuchaguliwa na mtu asiyejua kitu kinachopewa jina. Baada ya hapo yatazamwa majina.

Sauti ni mtetemo wa hewa. Sikio zima la kijana husikia mitetemo kuanzia 20 hivi kwa sekunde hadi 20,000 hivi, na kipimo cha mtetemo mmoja kwa sekunde huitwa hezi. Mitetemo michache hutoa sauti nene, kama ile ya ngoma kubwa; mitetemo mingi hutoa sauti nyembamba, kama mlio wa njuga au wa nyuzi za ganuni zikigongwa mwishoni. Ni afadhali kushikamana na maneno haya ya zamani, nene na nyembamba, kuliko kusema sauti ya chini na sauti ya juu kama wafanyavyo watafsiri wengi, kwa kuwa katika Kiswahili mtu aliyeambiwa apunguze "sauti ya juu" atapunguza ukubwa wa sauti yote. Kosa la namna hii katika darasa la lugha ni la kuchekesha. Katika karatasi ya maelezo ya amplifaya ni la gharama.

Neno masafa nalo lina historia ya kutatiza. Limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza, ambayo Kiswahili kimeihifadhi hata leo, ni umbali baina ya mahali na mahali. Watangazaji wa redio walipotaja "masafa mafupi" na "masafa ya kati" walikuwa wakitaja urefu wa wimbi, yaani umbali kati ya kilele kimoja cha wimbi na kile kinachofuata, na kwa hiyo maana ya asili haikuvunjwa. Leo mtangazaji asemapo kuwa kituo chake chapatikana katika masafa fulani ya FM, hutaja idadi ya mitetemo, tena kwa mamilioni kwa sekunde. Mambo haya mawili hukimbiana. Idadi ya mitetemo ikizidi, urefu wa wimbi hupungua; masafa mafupi ya zamani ndiyo yenye mitetemo mingi kuliko masafa ya kati. Lugha imelibebesha neno moja mizigo miwili inayopingana, na wasemaji hawajalalamika. Katika kurasa hizi masafa yatakuwa na maana ile ya pili, idadi ya mitetemo, na pale urefu wa wimbi unapohitajika utatajwa kwa jina lake.

Nao unahitajika mapema. Sauti hewani husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Sauti nene ya hezi 50 ina wimbi la mita 6.8, refu kuliko motokaa ya kawaida. Sauti nyembamba ya hezi 3,400 ina wimbi la sentimita 10 tu. Spika ya mlangoni yenye upana wa sentimita 16 hivi huitawanya vizuri sauti ambayo wimbi lake ni refu kuliko upana wake. Wimbi likiwa fupi kuliko upana huo, sauti huanza kwenda mbele tu kama mwanga wa tochi, na kwa kuwa spika ya mlangoni huelekea magoti ya abiria, masikio hukosa haki yake. Kwa upande mwingine, spika ndogo yenye kuba ya milimita 25, ambayo mafundi huiita tweta, huzitawanya vizuri sauti nyembamba, lakini haina uwezo wa kusukuma hewa ya kutosha kwa sauti nene. Sababu yake ni hesabu isiyo na huruma: ili spika itoe sauti ya ukubwa uleule huku masafa yakipungua kwa nusu, kuba yake hulazimika kwenda mbele na nyuma mara nne ya kwanza. Tweta inayofanya kazi kwa raha katika hezi 3,000 ingetakiwa katika hezi 375 iende mara sitini na nne. Haiwezi, na koili yake huungua au waya wake hukatika kabla ya kufika huko.

Hiki ndicho chanzo cha haja ya chombo cha kutenga. Sauti zote husafiri katika waya mmoja zikiwa zimechanganyika. Hapana budi pawe na mahali ambapo nene zinatengwa na nyembamba, kila moja ikapelekwa kwa spika yake. Elimu ya kutenga masafa kwa koili na kapasita haikuanzia kwa muziki. Ilianzia katika simu, ambapo mwaka 1915 George Campbell wa Marekani na Karl Willy Wagner wa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha namna ya kupitisha masafa fulani na kuyazuia mengine.

Katika gari, kazi hii yaweza kufanywa mahali pawili. Yaweza kufanywa baada ya amplifaya, katika waya mnene unaokwenda kwenye spika, umeme ukiwa umekwisha kupewa nguvu. Au yaweza kufanywa kabla ya amplifaya, umeme ungali dhaifu, volti mbili tatu tu, na kila sehemu iliyotengwa ikapewa amplifaya yake. Njia ya kwanza ndiyo hutumia chombo ambacho Ulaya hukiita kwa jina la kutendwa. Ya pili hutumia kile cha kutenda.

Chombo cha njia ya kwanza, kwa sura yake rahisi kabisa, kina vitu viwili tu. Kapasita huwekwa katika njia ya tweta, na koili katika njia ya spika ya sauti nene. Tabia ya kapasita ni kuuzuia umeme wa mitetemo michache na kuupitisha ule wa mitetemo mingi. Tabia ya koili ni kinyume chake. Tuseme spika zote mbili ni za omu 4 na mpaka unaotakiwa ni hezi 3,000. Hesabu yatoa kapasita ya maikrofaradi 13.3 hivi na koili ya milihenri 0.21 hivi. Katika mpaka wenyewe tweta hupata nusu ya nguvu. Katika hezi 1,500 hupata sehemu moja ya tano. Katika hezi 750 hupata sehemu moja ya kumi na saba. Mteremko huu, ambao mafundi huuita wa desibeli 6 kwa oktavu, ni wa polepole, na ndiyo maana vyombo vingi vya kununuliwa huongeza koili ya pili na kapasita ya pili ili uwe wa desibeli 12. Na hapo huzuka jambo linalowashangaza wengi: katika mteremko wa desibeli 12 mitetemo ya spika mbili hufika mpakani ikiwa kinyume, moja ikisukuma hewa wakati nyingine inavuta, na sauti za mpakani huuana. Kwa hiyo nyaya za tweta hugeuzwa kwa makusudi, chanya mahali pa hasi. Mwenye gari akiona nyaya zimegeuzwa asiharakishe kumlaumu fundi.

Yafaa kukaa kidogo juu ya zile omu 4, kwa sababu humo ndimo lilimo jambo lote. Hesabu iliyotangulia haikutumia kapasita na koili peke yake. Ilitumia pia spika. Kapasita ya maikrofaradi 13.3 haina mpaka wake yenyewe. Ikiunganishwa na tweta ya omu 4 mpaka ni hezi 3,000. Ikiunganishwa na tweta ya omu 8 mpaka ni hezi 1,500. Koili ya milihenri 0.21 ikipewa spika ya omu 8 mpaka hupanda hadi hezi 6,000. Fundi ambaye kwa nia njema anaondoa spika mbili za omu 4 zilizochoka, akaweka za omu 8 kwa kuwa ndizo zilizopatikana sokoni, na akaacha kile kisanduku cha krosova kama kilivyokuwa, amefanya kazi ambayo hakukusudia: sasa kutoka hezi 1,500 hadi 6,000 spika zote mbili zinaimba pamoja, na tweta inapokea sauti nene ambazo haikuundiwa. Tena, kwa kuwa spika za omu 8 hupokea nguvu kidogo kutoka kwa amplifaya ileile, mwenye gari huona sauti imefifia, akaongeza. Tweta ikiungua, lawama huangukia spika.

Wala si lazima kubadilisha spika ili tatizo hili lionekane. "Omu 4" iliyoandikwa mgongoni mwa spika ni jina, kama vile mtu aitwavyo Mrefu. Spika hiyohiyo hupanda mbali juu ya kiasi hicho katika masafa yale inayopenda kutetema yenyewe, na hupanda tena katika masafa ya sauti nyembamba kwa ajili ya koili iliyomo ndani yake. Kiwanda kizuri hukijua kila kipimo cha spika zake, na hutengeneza kitenga kinacholingana nazo hizo tu, pamoja na kizuizi cha kuipunguza tweta ambayo kwa kawaida hupiga kelele kuliko mwenzake. Kwa hiyo seti ya spika na kitenga chake iliyonunuliwa pamoja yaweza kuwa kazi ya ustadi mkubwa. Na kitenga kilichonunuliwa peke yake, kikaunganishwa na spika yoyote, ni bahati nasibu.

Mtu wa sarufi hawezi kupita hapa bila kutazama. Chombo kinachosemwa kuwa ni cha kutendwa kinazuia, kinapitisha, kinatenga, na chenyewe pia kinabadilishwa tabia na spika inayokifuata. Hicho hakitendwi tu. Kama vyombo vingepewa kauli za vitenzi, kitenga na spika vingestahili kauli ya kutendana.

Njia ya pili huukata uhusiano huo. Kitenga cha kabla ya amplifaya hakikutani na spika kamwe; kinakutana na mlango wa amplifaya, ambao haubadiliki. Mpaka uliowekwa kuwa hezi 3,000 hubaki hezi 3,000 hata spika ikiwa ya omu 4 au 8, baridi au iliyopata moto. Kazi hufanywa na transista zilizokusanywa katika vipande vidogo, au siku hizi na kompyuta ndogo inayoigeuza sauti kuwa tarakimu, na vyote viwili hutaka umeme wao kutoka kwa betri. Kwa vyombo hivyo, mteremko mkali haugharimu shaba wala uzito. Mwaka 1976 Siegfried Linkwitz na Russ Riley walionyesha namna ya kuunganisha vitenga viwili vya aina iliyoelezwa na Stephen Butterworth mwaka 1930, ili sauti za pande mbili, kila moja ikiwa imeshuka desibeli 6 katika mpaka, zijumlike kuwa sawasawa bila ya mwinuko wala shimo. Mteremko wake ulioenea ni wa desibeli 24 kwa oktavu. Mfano wa hapo juu ukirudiwa kwa mteremko huo, tweta katika hezi 1,500 haipati tena sehemu moja ya tano ya nguvu. Hupata sehemu moja katika 289. Kwa koili na kapasita, mteremko wa namna hiyo katika gari la pande mbili wahitaji vipande kumi na sita, na kila kimoja kiwe kimelingana na spika yake.

Pana faida nyingine ambayo haionekani kwa haraka. Tuseme katika wimbo ngoma inahitaji kilele cha volti 10 na kayamba inahitaji kilele cha volti 10. Zikipita katika amplifaya moja, vilele vikikutana hufika volti 20, nazo juu ya omu 4 ni wati 100. Zikipita katika amplifaya mbili, kila moja hufika volti 10 tu, wati 25. Amplifaya mbili ndogo zimefanya kazi ya moja kubwa. Na iwapo ngoma imezidi uwezo wa amplifaya yake ikaanza kukwaruza, mikwaruzo hiyo, ambayo ni ya sauti nyembamba, hubaki kwa spika ya sauti nene, haiifikii tweta. Katika njia ya kwanza mikwaruzo hiyohiyo hupitishwa na kapasita moja kwa moja hadi kwa tweta, kwa kuwa kapasita haina namna ya kujua kuwa sauti hii nyembamba haikuwamo katika wimbo.

Jambo hili lina uzito katika gari zaidi ya nyumbani. Umeme wa gari injini ikizunguka ni volti 14.4 hivi. Redio ya kawaida isiyo na chombo cha kupandisha volti, hata ikiwa imeandikwa wati 50 kwa herufi za dhahabu, haiwezi kuipa spika ya omu 4 sauti safi ya zaidi ya wati 26, kwa kuwa volti hazipo. Na kwa kweli hupungua hapo. Kila wati basi ina thamani yake.

Baada ya kusemwa haya yote msomaji aweza kudhani kuwa kitenga cha pili ndicho cha kuchaguliwa daima. Sivyo. Njia ya pili huhitaji mfereji mmoja wa amplifaya kwa kila spika: gari lenye tweta mbili, spika mbili za milangoni na sabufa moja huhitaji mifereji mitano, ambapo njia ya kwanza ingetosheka na miwili pamoja na ule wa sabufa. Amplifaya, nyaya, fyuzi na nafasi chini ya kiti, vyote ni gharama. Baadhi ya redio huruhusu mifereji yake minne ya ndani itumike hivi, miwili kwa tweta na miwili kwa spika za milangoni, bila kununua amplifaya. Lakini spika za nyuma hunyamaza. Kwa mtu anayesafiri peke yake hiyo si hasara. Kwa mwenye matatu ya abiria 14 ni hasara tupu, maana abiria wa nyuma wamelipa nauli sawa na wa mbele.

Kadhalika kile kinachosifiwa sana katika vitenga vya tarakimu, yaani kuchelewesha sauti ya spika iliyo karibu ili zote zimfikie msikilizaji kwa wakati mmoja, kina maana pale tu msikilizaji ni mmoja. Spika ya upande wa dereva ikiwa sentimita 90 kutoka sikioni mwake na ya upande wa pili sentimita 130, tofauti ya sentimita 40 ni kama milisekunde 1.2, na kwa kuichelewesha ile ya karibu kwa kiasi hicho dereva huhisi mwimbaji amesimama mbele yake. Abiria aliyeketi upande wa pili huhisi mambo yameharibika kuliko mwanzo. Katika matatu au daladala, ambamo hakuna kiti kilicho cha kila mtu, kulipia kifaa hiki ni kumlipia dereva.

Mahali ambapo hapana ubishi ni sabufa. Mpaka wake kwa kawaida ni hezi 80 hivi, na hesabu ileile ya omu 4 yatoa koili ya milihenri 8 na kapasita ya maikrofaradi 500. Koili ya namna hiyo ni rundo la shaba, na shaba yenyewe huzuia umeme. Ikiwa na kizuizi cha nusu omu tu, sehemu moja katika tisa ya nguvu iliyonunuliwa kwa bei hugeuka joto ndani ya buti, na amplifaya hupoteza mkono wake wa kuishika kuba isitetemeke baada ya ngoma kunyamaza. Ndiyo maana karibu kila amplifaya ya sabufa huuzwa ikiwa na kitenga cha aina ya pili ndani yake. Kwa tweta na spika ya mlangoni, hukumu ni nyepesi zaidi: aliyenunua seti iliyolinganishwa kiwandani na ana amplifaya ya mifereji miwili, abaki na kisanduku kilichokuja nayo, anayechanganya spika za viwanda mbalimbali, au anayejua kuwa atazibadilisha, atajuta asipochukua njia ya pili.

Sasa majina. Krosova ni neno la mafundi, limekwisha kupata irabu yake ya mwisho na ngeli yake, na hakuna sababu ya kulifukuza dukani. Lakini halielezi. Kwa asili yake hutaja mahali ambapo mistari miwili ya mchoro hukatana, wala halitaji chombo. Na anayelifasiri kuwa kivuko au kivukio humpeleka msomaji ufukoni. Wapo wanaopendelea kichujio. Chujio hubakiza machicha na kupitisha tui, na machicha hutupwa. Katika chombo hiki hakitupwi kitu, kila sehemu ina mwenyewe. Kichujio libaki kwa kila tawi la chombo, si kwa chombo kizima. Kitenzi -gawa kingefaa, ila watoto wake wamekwisha kuajiriwa na walimu wa hesabu, kigawo na kigawe, tena -gawa ni pia kuwapa watu mafungu: kigawa-sauti kingeeleweka kuwa ni chombo cha kupeleka sauti ileile kwa spika nyingi, jambo ambalo ni kinyume kabisa. Kitenzi -tenga hakina utata huo. Mwenye kutenga mchele na pumba, au wagonjwa na wazima, huweka hiki huku na kile kule kwa kufuata tabia ya kila kimoja. Kwa hiyo makala haya yametumia kitenga-masafa.

Shida ni sifa ya kukifuata. Kutenda na kutendwa zimekwisha kuonekana kuwa hazifai, wala si kwa sababu ya sarufi peke yake. Hazimwambii mnunuzi jambo lolote la kumsaidia. Kitenga "tendaji" kingependeza machoni, lakini Mtanzania akisikia mtendaji humkumbuka ofisa wa kata. Kitenga "tuli" kwa kile kingine ni kibaya zaidi, kwa kuwa umeme tuli una maana yake katika fizikia, na ndani ya koili hakuna kilichotulia. Kuviita kwa mahali, cha mbele na cha nyuma ya amplifaya, kungekuwa bora kama lisingekuwa gari: ndani ya gari mbele ni upande wa dereva na nyuma ni buti, na amplifaya aghalabu hukaa nyuma. Kabla na baada zingeepusha kosa hilo. Hata hivyo viko vitenga vidogo visivyotumia betri ambavyo huunganishwa katika waya dhaifu kabla ya amplifaya, na kwa mahali vingehesabiwa katika kundi lisilo lao.

Wahandisi wenyewe, wakiulizwa tofauti iko wapi, hawataji mahali wala kutenda. Husema kimoja huhitaji umeme wa nje ili kifanye kazi, na kingine hutumia ule uleule wa sauti inayopita, hakiongezi kitu. Kiswahili kina namna yake ya kusema hivyo, nayo husikika kila siku jikoni na gereji: jokofu hili linakula umeme, gari lile linakula mafuta. Kitenga kinachokula umeme na kitenga kisichokula umeme ni majina marefu kwa wenye kupenda istilahi za neno moja, lakini fundi huyaelewa mara moja, na mnunuzi akiyasikia hujua la kuuliza kwanza, kama waya wake mwekundu wa betri uko wapi. Tena huyaelewa bila kupitia Kilatini.

Hata majina haya hayakamilishi mambo. Tweta iliyounganishwa moja kwa moja na amplifaya yake, bila kapasita kati, haina kinga yoyote: kosa moja la kuweka mpaka, au mshindo wa umeme wakati redio inawashwa, waweza kuimaliza kabla wimbo haujaanza. Kwa hiyo fundi mwangalifu, baada ya kufunga kitenga kinachokula umeme chenye mpaka wa hezi 3,000, huweka katika waya wa tweta kapasita moja ya maikrofaradi 50, ambayo kwa omu 4 mpaka wake ni hezi 800 hivi, mbali chini kiasi cha kutosikika. Katika njia moja mna vitenga viwili vya aina mbili, kimoja kikifanya kazi na kingine kikilinda. Mafundi huiita kapasita ya kinga, na kwa jina hilo hapana linalohitaji kubadilishwa.